Metafizikia imo katika Kiswahili chetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalonishughulisha tangu kijana wa jirani yangu hapa Makorora, anayesoma chuo kikuu, aliporudi likizo na kuniambia kwamba katika masomo yake yote metafizikia ndiyo isiyosemeka kabisa kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba alinifafanulia kwa Kiswahili kizuri sana kuwa ni tawi la falsafa linalouliza kuwepo ni nini, na kitu, wakati na mahali ni nini. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamtajia mwanafalsafa wa Ghana, Profesa Kwasi Wiredu. Nilisikitika kuona kuwa jina hilo hakuwahi kulisikia.

Wiredu alizaliwa Kumasi, Ghana, mwaka 1931. Alihitimu Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, mwaka 1958, akaenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ambako msimamizi wake alikuwa mwanafalsafa Gilbert Ryle, akafundisha huko Uingereza kwa muda mfupi, kisha akarejea kwao na kufundisha Chuo Kikuu cha Ghana kwa miaka 23. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, na alifariki Januari 2022. Wasomi wengi wamepita njia kama hiyo. Lililomtofautisha ni wito aliowapa wanafalsafa wenzake wa Afrika: swali lolote la falsafa ulilolipokea kwa lugha ya kigeni, lifikiri upya kwa lugha uliyolelewa nayo, uone kama bado linasimama.

Yeye alilifanya hilo kwa Kiakan, lugha yake ya kwao Ghana. Alieleza kuwa katika lugha hiyo neno la kuwepo ni "wɔ hɔ", yaani kuwa hapo, mahali fulani. Alimtaja pia Padri Alexis Kagame wa Rwanda, mtafiti wa fikra zilizomo katika lugha za Kibantu, aliyeonyesha kwamba kauli mashuhuri ya mwanafalsafa Mfaransa, Descartes, "nafikiri, kwa hiyo nipo", humwacha msikilizaji wa Kibantu akingoja sentensi imalizike: upo wapi, au u nani? Naye Descartes alikwisha kuutilia shaka mwili wake na dunia nzima, hivyo hakubakiwa na mahali pa kutaja.

Tujipime sisi wenyewe. Mtu akipiga hodi mtaani kwetu na kuuliza, "Mzee yupo?", mtoto hujibu kuwa yupo, au yuko sokoni, au yumo ndani, na hizo -po, -ko na -mo zote ni za mahali. Tukipotezana siku nyingi kisha tukakutana barazani, tunaulizana "Upo?", na jibu ni "Nipo". Hata kukosekana kwa kitu tunakupa mahali, kwa maana tunasema hapana, hakuna na hamna. Juu ya jambo la namna hii katika Kiakan, Wiredu alijenga hoja nzito kwamba kuumba kutoka katika utupu mtupu ni wazo lisiloshikika katika lugha hiyo, kwa kuwa utupu wenyewe hutajwa kama kukosekana kwa kitu mahali fulani, na muumba hueleweka zaidi kama fundi anayetengeneza kwa kilichokuwepo.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye kwa upande wa Kiswahili. Nilipokuwa mtoto tulikaririshwa chuoni, yaani madrasa, sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, na ya kwanza ni wujudi, yaani kuwepo. Maalimu alitufundisha kwamba Mungu yupo na wala hahitaji mahali. Mwenzetu mmoja akauliza, mbona basi tunasema "yupo"? Maalimu alinyamaza, akaupapasa mkeka aliokalia, akasema, "Mimi nipo hapa. Yeye yupo." Hakuongeza neno, nasi tukaendelea na somo. Nimelikumbuka jibu hilo miaka yote, na ninaamini kwamba siku ile, juu ya mkeka, watoto wa Tanga walikuwa wakisomeshwa metafizikia, na kwa lugha yao.

Haki itendeke kwa Wiredu, kwani yeye mwenyewe alionya kwamba umbo la lugha peke yake halitoshi kuthibitisha jambo, na kwamba hoja nzuri lazima iwe na sababu zinazoweza kupimwa na mtu wa lugha yoyote. Kwa hiyo kumpinga kwa mfano wa Kiswahili ni kuufuata wito wake. Linaloniuma ni kwamba yeye, kama mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya aliyeyachukua maneno yetu "sasa" na "zamani" kufafanulia dhana ya wakati, alifikisha hoja zake kwa Kiingereza, na wanaozijadili hadi leo huzijadili kwa Kiingereza, huku sisi wenye -po, -ko na -mo tukiambiwa kwamba lugha yetu haifiki huko.

Ndugu Mhariri, nakuomba ufungue safu, hata mara moja kwa mwezi, ya kazi za wanafalsafa wa Afrika, na uwaalike wahadhiri wetu waandike humo kwa Kiswahili. Swali la kuanzia ninalo: ile -po iliyomo katika "Mungu yupo", kama kweli imekwisha kuuacha umahali wake, imebaki na maana gani?

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga.