Mhariri, ile sentensi ya balasti ya wati 55 irekebishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kitu kuhusu ile makala ya taa za HID, zile za zenoni, kwenye safu yenu ya magari. Nimeisoma mara mbili. Karibu yote imeongelea rangi ya mwanga kwa namba za kelvini, mara 6000, mara 8000, ipi inapendeza kwenye gari gani, halafu balasti, kile kiboksi kinachoipa balbu umeme, ikapewa sentensi moja tu pale mwisho, eti anayetaka mwanga mwingi achukue ya wati 55. Hiyo sentensi ndo imenifanya niandike, manake mimi ni fundi umeme wa magari, hizi taa nazifunga na kuzifungua kila wiki, na nyingi zinazorudi na malalamiko shida yake sio balbu, ni kile kiboksi ambacho mwenye gari hakukiulizia chochote siku ya kununua.

Balbu ya HID haina uzi unaowaka kama halojeni. Ndani kuna gesi ya zenoni na chumvi za metali, na umeme unaruka katikati ya ncha mbili. Ili uruke mara ya kwanza inatakiwa volti 20,000 na zaidi, na betri yako inatoa 12, kwa hiyo kazi ya kupandisha ni ya balasti na kiwashio chake. Taa ikishashika, balasti ishushe mpaka volti 85 hivi kwa balbu za aina ya D2S, ishikilie wati 35 hapo hapo, injini ipande mzunguko ishuke mzunguko, isiyumbe. Balbu inapokea tu inachopewa.

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: AC au DC? Balasti ya DC inasukuma umeme upande mmoja muda wote, ncha moja ya balbu inalika kuliko nyingine, na taa inaanza kucheza cheza mapema. Ya AC inageuza mwelekeo mamia ya mara kwa sekunde kwa hiyo ncha zote mbili zinagawana kazi, na balasti zinazokuja na magari kiwandani ni za AC. Za DC ni rahisi kutengeneza ndo mana zimejaa sokoni. Mimi kama kwenye kiboksi hakijaandikwa AC nachukulia ni DC na narudisha.

Swali la pili ni wati, na hapa naomba wasomaji wanisikilize vizuri. Niliwahi kununua balasti mbili zimeandikwa wati 35 kubwa kubwa juu ya bati, nikazifunga, taa zikawaka vizuri tu ila mwanga naona umepooza, nikaweka mita kwenye waya wa kuingilia baada ya taa kushika moto, injini inanguruma, volti 13.5, ikasoma ampea 2.1. Zidisha hapo, ni kama wati 28 zinazoingia. Sasa kama zinazoingia ni 28, hizo 35 za kutoka zinatoka wapi? Balasti haizalishi umeme, inaubadilisha tu, na yenyewe inakula kidogo njiani inapopata joto. Ya wati 35 kweli lazima uione inavuta ampea 3 na ushee. Kipimo hiki hakichukui dakika 5, na fundi yeyote mwenye mita anaweza kukufanyia kabla hujaondoka.

Hao waliopewa 28 wakaambiwa ni 35 ndo hao hao wanaokuja kutafuta 55, na makala yenu imewaongezea. Balbu za kawaida zimepangwa kwa wati 35. Ukizipeleka 55 rangi inahama, maisha yake yanakatika, na joto linalorudi nyuma linaunguza bakuli la taa, nimeshafungua projekta, ile taa yenye lenzi mbele ya balbu, ambayo ile ng'aro ya ndani imebabuka na kuwa ya kijivu, na hiyo hairudi hata uweke balbu mpya, utanunua taa nzima. Na kwa kweli mwanga wenyewe haukosekani, balbu ya D2S ya wati 35 inatoa lumeni 3,200 hivi wakati halojeni ya H7 inatoa kama 1,500. Mtu akitaka kuona zaidi ashuke rangi, achukue 4300 ambayo ndo inatoka kiwandani, aachane na 8000 ya bluu ambayo inakula mwanga na mvua ikinyesha huoni barabara.

Halafu kuna waya, na hili nalo halikutajwa kabisa. Sekunde chache za mwanzo balasti nzuri inasukuma balbu mpaka wati 70 na zaidi ili ipate moto haraka, kwa hiyo inavuta ampea 6, 7, kuliko halojeni iliyokuwepo. Gari moja lililetwa taa ya kushoto inawaka kidogo inazima, unazima swichi unawasha tena inashika, na mwenyewe alishabadilisha balbu mara mbili na balasti mara moja. Nikachomeka mita kwenye soketi ya taa, nikamwambia washa. Kwenye betri 12.4, kwenye soketi ikadondoka mpaka 9 na kidogo, na balasti nyingi zikiona iko karibu na 9 au chini yake zinajikata. Waya wa zamani mwembamba, soketi imeota kutu, ndo kisa chote. Nikapitisha waya mpya kutoka betri moja kwa moja na fyuzi yake karibu na betri, nikaweka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, ule waya wa zamani ukabaki na kazi ya kuamsha relei tu. Ile balasti aliyoitoa akidhani imekufa nikaijaribu, nzima kabisa.

Magari ya siku hizi ambayo kompyuta inakagua balbu yana lake, manake kompyuta inatuma umeme wa kukata kata na balasti ya kawaida inapepesa au dashibodi inaandika balbu imeungua. Hapo chukua balasti iliyotengenezwa kwa ajili ya magari hayo, au weka waya za relei zenye kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuziba yale makato.

Maji ndo adui wa mwisho. Nimepasua balasti nyembamba iliyokufa ndani ya miezi michache nikakuta gundi imemiminwa kona moja tu, kwingine wazi, matone ya maji yamekaa juu ya saketi na shaba imeota ukungu wa kijani. Nzuri imejazwa gundi yote ndani na waya zinatokea kwenye mpira uliobana. Ukiifunga waya ziangalie chini, iegemee bati ipoe, iwe mbali na joto la injini. Na taa ikiwa inawaka usiguse zile soketi za balbu, zima kwanza, zile volti sio za kuchezea.

Taa ikizima upande mmoja usikimbilie kununua. Hamisha balbu ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Tatizo likihama na balbu, ni balbu. Likibaki pale pale, ni balasti au waya, na waya unapima kama nilivyosema.

Nimalizie na jambo ambalo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza ya makala. Bakuli la riflekta la halojeni, lile la kioo cha kurudisha mwanga lisilo na lenzi ya projekta, limechorwa kufuata uzi wa halojeni, ukiweka HID humo mwanga unatawanyika na kumpiga wa mbele machoni hata kama uko kwenye dimu, ule mwanga wa chini, hamna balasti inayotibu hilo. Nchi nyingi haziruhusu kabisa kuingiza HID kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, na Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48 inataka taa ya dimu yenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mfumo wa kujisawazisha yenyewe na wa kuosha kioo. Mimi gari la riflekta likija nakataa kazi, mwenyewe aende akatafute taa kamili ya projekta iliyotengenezwa kwa HID.

Kwa hiyo mhariri naomba toleo lijalo lile neno la wati 55 lirekebishwe, ukurasa ule ule, maandishi ya ukubwa ule ule, manake kuna wateja wameshaanza kunijia na kipande cha gazeti mkononi wananionyesha kidole pale pale.

Wenu,
Fundi umeme wa magari