Yai la kwarara chini ya mwembe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi asubuhi hapa Bombo nilikuwa nafagia chini ya mwembe nikakuta yai kwenye majani makavu, ukubwa karibu sawa na la kuku, kijani iliyofifia na madoa ya kahawia kama limerushiwa matope, nikajua ni la kwarara, wale ndege wanaotuamsha na makelele alfajiri, maana kiota chao kiko hapo juu, vijiti tu vimepangwa ovyo hata mwanga unapita.

Watoto wakasema tuliweke kwa kuku anayeatamia. Nikakataa. Kuku analalia siku 21, la kwarara linafika kama 26 hivi, kuku ataondoka na vifaranga vyake aliache, na hata likianguliwa, kifaranga cha kwarara hakidonoi chini, kinalishwa mdomoni na wazazi wake, kwa kuku kitakufa njaa. Yai lilikuwa zima, halina hata ufa, bado lina joto, kijana wa jirani akapanda ngazi akalirudisha.

Mama mmoja akasema ukishalishika ndege hulisusa. Si kweli jamani, saa nne mmoja alikuwa amesharudi amelalia. Kinachowafukuza ni kusumbuliwa kila saa, na manati!

Sasa mwenye mti anataka kuukata mwezi huu auze kuni. Nimemwomba angoje makinda yaruke kwanza, ni miezi miwili tu. Bado hajanijibu.

Msomaji wenu, Bombo