Bastola zenye nukta nyekundu zisifungiwe, zipewe orodha yake

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika hivi karibuni kwamba mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola huku Nyanda za Juu Kusini umekuwa wa wenye fedha, na kwamba njia ya kuunusuru ni kupiga marufuku bastola zote zenye kioo cha nukta nyekundu, yaani kilengeo cha kioo kinachoonyesha nukta ambayo mlengaji anaiweka juu ya shabaha. Malalamiko yake nayaunga mkono. Suluhisho lake silikubali hata kidogo.

Mimi ni mtunza alama. Naishi Iringa, na tunapokutana wenye leseni wa hapa na wenzetu wa Mbeya, Njombe na Mafinga kwa mashindano yetu madogo, kazi yangu ni kumfuata mwamuzi nyuma nikiandika anachosoma kwenye maboksi, yaani shabaha za karatasi ngumu, na kwenye saa. Matokeo nayaona kabla hayajabandikwa. Kwa hiyo najua mahali haki inapopotea, na mara nyingi haipotei kwenye kioo cha mtu.

Kwa wasioufahamu mchezo, huu si ule wa Olimpiki wa kusimama palepale na kulenga duara moja. Hapa mlengaji anakimbia, anapiga akiwa nyuma ya ukuta wa mbao au kupitia dirisha, na saa inahesabu tangu mlio wa kuanza hadi risasi yake ya mwisho. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Msingi uliowekwa ni mambo matatu yaliyo sawa kwa uzito: usahihi, nguvu na kasi. Afrika nayo imekuwamo mapema. Mashindano ya dunia ya 1977 yalipigwa Salisbury, yaani Harare ya leo, na ya 2002 yakaja Afrika Kusini.

Hayo mambo matatu ndiyo yanayozaa hesabu ambayo wengi hawaielewi. Boksi la shabaha lina kanda tatu. Ukipiga kanda ya A unapata pointi 5, uwe na bastola yoyote. Kanda ya C ni pointi 4 kwa mwenye risasi ya nguvu kubwa na 3 kwa mwenye nguvu ndogo; D ni 2 na 1. Ukikosa, unakatwa 10. Kisha jumla ya pointi inagawanywa kwa sekunde ulizotumia, na mwenye jibu kubwa ndiye mshindi wa kituo, yaani wa zoezi hilo moja kati ya mazoezi ya siku. Nguvu nayo haikadiriwi kwa macho: uzito wa kichwa cha risasi kwa greini, kipimo kidogo cha uzito, unazidishwa kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, halafu unagawa kwa 1000. Ukiwa chini ya 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini huandikiwi alama.

Sasa tazama kinachotokea tunapowaweka watu wote kwenye orodha moja. Chukua kituo cha maboksi 8, risasi mbili kila boksi, pointi 80 kwa jumla. Walengaji wawili wamepiga sawasawa kabisa: A 12 na C 4. Wa kwanza ana bastola ya kawaida ya milimita 9, kama ilivyotoka kiwandani, yaani kundi la Prodaksheni. Anapata 72. Wa pili ana bastola ya kundi la Openi na risasi iliyovuka 160, kwa hiyo anahesabiwa nguvu kubwa. Anapata 76 kwa matundu yaleyale. Na hapo saa bado haijaguswa. Bastola ya Openi ina kioo cha nukta, ina kifaa mdomoni kinachosukuma gesi juu ili mtutu usinyanyuke, na magazini yake, yaani kasha la risasi, inaruhusiwa kufika urefu wa milimita 170, ambayo inameza risasi zaidi ya 25. Mwenzake haruhusiwi kuzidisha 15 kwenye magazini, kwa hiyo kituo kikiwa cha risasi 24 hana ujanja, lazima abadilishe katikati. Katika kituo chetu hiki tuseme wa kwanza katumia sekunde 18 na wa pili 15.2. Jibu la kwanza ni 4, la pili ni 5. Wa pili anachukua pointi zote 80 za kituo, na wa kwanza, kwa kuwa 4 ni asilimia 80 ya 5, anabaki na 64.

Kijana wa Prodaksheni aliyepiga vile hakushindwa na mtu. Alishindanishwa na kitu ambacho sheria zenyewe zinasema asishindanishwe nacho. Ndiyo sababu IPSC imegawa bastola katika makundi, na ndani ya Prodaksheni kila mtu anahesabiwa nguvu ndogo hata risasi yake iwe kali kiasi gani. Kanuni hiyo peke yake inamwondolea maskini mzigo mkubwa, maana hakuna anayefaidika kwa kununua risasi kali zaidi. Msomaji wako anataka tutunge marufuku mpya wakati dawa iko kwenye kitabu tunachodai kukifuata.

Tena hiyo marufuku ingewaumiza watu ambao nadhani hakuwafikiria. Kwa vilengeo vya kawaida vya chuma, jicho linatakiwa lione vizuri kilengeo cha mbele, kilicho umbali wa mkono, huku shabaha ikiwa mita 10 au 20 mbele. Macho ya mtu wa miaka 25 yanafanya hivyo bila kuhangaika. Ya mzee wa miaka 60 hayafanyi tena, na miwani inasaidia upande mmoja tu. Nukta nyekundu inamruhusu aangalie shabaha yenyewe, basi. Tunao wazee wa aina hiyo, tena ndio waliotufundisha wengi wetu jinsi ya kushika silaha kwa adabu. Siko tayari kuona wakifukuzwa uwanjani kwa jina la usawa, wakati lipo kundi la Prodaksheni yenye kioo ambamo watapambana na wenye vioo wenzao.

Waandaaji wana jibu moja kila ninapolileta jambo hili: tuko wachache, tukijigawa kila kundi litabaki na watu wawili. Nalielewa. Lakini uchache unazuia kutoa medali, hauzuii kuandika ukweli. Kundi lenye watu wawili lisipewe kombe, sawa, ila matokeo yake yabandikwe peke yake ili kila mmoja ajue yuko wapi dhidi ya aliye na silaha kama yake.

Nije kwenye risasi, maana hapa ndipo wanaolalamikia vioo hawaangalii kabisa. Sisi tunaishi kwenye baridi. Asubuhi ya Julai Mbeya au Mafinga si asubuhi ya Dar es Salaam, na baruti iliyopoa husukuma kwa nguvu pungufu. Mtu mwenye kichwa cha greini 124 kinachokwenda futi 1020 ana 126.5, yuko salama. Baridi ikimpunguzia futi 15 tu anashuka hadi 124.6, na siku yake imekwisha bila alama hata moja. Kwa hiyo saa na mahali pa kupimia kasi si jambo dogo. Nimeona kipima kasi kikitandazwa alfajiri, ukungu haujaondoka, baadhi ya watu wakapimwa, kisha kikasogezwa hadi saa sita jua likiwa kali ndipo waliobaki wakapimwa. Nimeona pia boksi la risasi likiwa limepangwa juu ya dashibodi ya gari, madirisha yamefungwa, likiota jua kusubiri zamu. Hakuna aliyemuuliza mwenye gari chochote. Utaratibu unaotakiwa ni kwamba waamuzi ndio wanaochukua risasi za kupimwa kutoka kwa mlengaji na kuzitunza wao mpaka zipimwe. Zikikaa pamoja kwenye kivuli kimoja, baridi ya mmoja ni baridi ya wote.

Na kuna la kurudia kituo. Katika moja ya mashindano yetu, mtu mwenye nafasi kubwa, ambaye pia alikuwa amechangia chakula, ganda la risasi lilikwama kwenye bastola yake katikati ya kituo. Akainua mkono, akageuza uso kwa waandaaji, na mmoja wao akasema mheshimiwa apewe nafasi nyingine. Karatasi ya kwanza ikachanwa mbele yangu. Sheria haina utata: unarudia ikiwa vifaa vya uwanja vimeharibika, kwa mfano saa imegoma au shabaha ya chuma imeanguka yenyewe kwa upepo. Bastola yako ikikwama ni yako, na sekunde zinazopotea ni zako. Siku hiyohiyo binti mmoja bastola yake ilikwama mara mbili, akaigonga magazini, akavuta slaidi, akamaliza kituo, na hakuna aliyemwambia arudie. Alishika nafasi ya chini. Nilitamani awasilishe lalamiko kwa maandishi kama kanuni zinavyoruhusu, lakini kwetu anayelalamika anaitwa mkorofi, akanyamaza.

Kwenye usalama, nasema kwa furaha, hatubagui. Ukidondosha bastola au ukaelekeza mtutu nyuma, unaondolewa uwanjani hata uwe nani, na nimeshuhudia wakubwa wakifungasha na kuondoka bila neno. Uthabiti huohuo nautaka kwenye orodha, kwenye kipima kasi na kwenye kurudia vituo.

Ombi langu kwa waandaaji wa mashindano yajayo ni kwamba kila mlengaji atangaze kundi lake wakati wa kujiandikisha, si baada ya kuona wenzake wamekuja na nini. Vipimo vya kasi vya kila mtu vibandikwe ukutani, kwa namba, kabla ya chakula cha mchana. Pawe na watu watatu wa kusikiliza malalamiko ambao majina yao yanatajwa asubuhi, na asiwepo mfadhili kati yao. Fomu za alama zenye nafasi ya kundi nimeshaziandaa, na atakayezihitaji nitampatia bure.

Mtunza alama,
Iringa