Rashid, hiyo antena mpya usinunue kwanza

Salaam aleikum ndugu yangu, natumai nyumba ya Likoni mshaizoea na bi mkubwa yuaendelea vizuri. Nimeisoma meseji yako ati dukani wamekwambia lazima "antena ya dijitali" ndo setobox, kile kisanduku cha kupokea dijitali, ishike. Rashid, hiyo pesa irudishe mfukoni. Antena haijui dijitali wala analogi, ni vyuma vya kunasa mawimbi basi, na dijitali yetu Kenya yapita UHF, yaani mawimbi mafupi ya megahezi 470 hadi 694, kwa hivo ile mwenye nyumba aliyoiacha juu ya mabati, kama ina vijiti vifupifupi vya sentimita 20 na kitu hadi 30 na kitu, yafaa kabisa hata kama iliekwa kabla analogi kuzimwa 2015. Ikiwa vijiti vyote ni virefu vya karibu mita, hiyo ni ya VHF, mawimbi marefu zaidi, ishushe.

Kinachoua antena huku kwetu ni chumvi. Panda ufungue kale kaboksi ka plastiki waya inapoingilia, na utakuta skrubu zina kutu na shaba imegeuka kijani. Sugua na msasa mpaka chuma king'ae, ueke skrubu zisizoshika kutu. Waya mimi ningebadilisha yote, chukua waya ya antena aina ya RG6 ya ohmu 75 isiyokuwa na viungo njiani, na ukiichuna pole pole, manake ule wavu wa nje una nyuzi nyembamba sana na uzi mmoja tu ukigusa shaba ya kati umeharibu kazi, utashinda ukilaumu setobox bure. Funga maungio na tepu ya mpira, halafu waya iache ilegee kidogo chini ya dirisha kabla ya kuingia ndani, maji ya mvua yadondokee hapo yasiifuate mpaka kwa tv.

Mwelekeo sasa. Upande wenye vijiti vifupi zaidi ndio wa mbele, watu wengi huku wameziekeleza kinyume! Tazama za majirani wenye picha safi zaelekea wapi na kama vijiti vimelala ama vimesimama, ufanye hivo hivo. Ule mnazi wa jirani uepuke, makuti yakirowa mvua za Aprili yala signo vibaya sana, afadhali uongeze bomba antena ipite juu. Ukigeuza, geuza kidogo usubiri, dijitali yachelewa kujibu, na kwenye menyu usidanganyike na ile nguvu ya signo, angalia ubora wake, huo ndo unaoamua picha isigande.

Busta, kile kifaa cha kukuza signo, nakuomba uiache kwanza. Yakuza signo pamoja na kelele zake, na ukiieka nyuma ya tv signo ishapotea njiani kwenye waya, ikibidi yakaa juu kwenye bomba karibu na antena. Na kama kuna ya zamani imebaki hapo kati haina umeme itoe, hiyo yaziba njia.

Tena kabla hujanunua chochote angalia tv yako kama imeandikwa DVB-T2, yaani yapokea dijitali yetu yenyewe, ikiwa ndiyo basi hata setobox huihitaji kwa zile stesheni za bure.

Nitumie picha ya hiyo antena leo kukiwa bado na mwanga. Jumamosi ntavuka feri nije na msasa na konekta, wewe tafuta ngazi hapo kwa majirani na mtu wa kukaa sebuleni atuitie ubora ukipanda. Msalimie bi mkubwa.