Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA: Namba ya chesisi mnayo, na namba ya simu mnayo

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MAGARI YA KASI YALIYOITWA NA WATENGENEZAJI WAKE YAKAREKEBISHWE, ILHALI WENYEWE HAWANA HABARI

Mimi ni mkazi wa Mombasa na ninamiliki gari moja la kasi lililoundwa Japani kwa ajili ya barabara za Japani, likaingia nchini kupitia bandari ya Kilindini likiwa limekwisha kutumika miaka saba. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba si langu peke yangu, na kwa sababu Mamlaka yako imeshika pamoja vitu viwili ambavyo bila hivyo jambo hili haliwezekani: namba ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa, na namba ya simu ya mwenye gari hilo.

Mwezi wa Februari 2014, baada ya magari mawili ya Porsche 911 GT3 kushika moto barani Ulaya, kampuni iliwataka wenye magari yote 785 ya toleo hilo wasiyaendeshe kabisa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bolti za konrodi, yaani chuma kinachoiunganisha pistoni na mhimili wa injini, zililegea, konrodi ikapasua kasha la injini, mafuta yakavuja yakawaka. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba itabadilisha injini za magari hayo yote. Watu wengi wakisimulia kisa hiki huisifia ile injini mpya ya bure. Mimi huitazama ile hesabu ya 785, kwa maana kampuni ilijua kila gari liko kwa nani. Hata gari likishauzwa mara tatu, kwa wenzetu njia ya kumfikia mwenyewe huwa haijakatika. Ferrari ilipoyaita magari 23,555 nchini Marekani mwaka 2022 kwa sababu ya kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, yalikuwamo matoleo ya tangu mwaka 2005, na huko watengenezaji hupewa anwani za wamiliki wa sasa kutoka katika daftari za usajili za majimbo. Huku kwetu daftari lipo, ila hakuna anayelifungua kwa kazi hiyo.

Huenda ukaniambia kwamba anayenunua gari la kasi amejitakia. Nakubali kwa sehemu. Ukinunua gari lenye tabo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, ujue litakunywa mafuta, lina klachi ghali, na halitakusamehe ukichelewa kubadilisha oili. Hayo ni matarajio ya haki kati ya mnunuzi na gari lake, na sisi tunaoyapenda magari haya tumeyakubali kwa hiari. Ila matarajio hayo yana mpaka. Breki zishike, moto usizuke penye bomba la mafuta, na kifaa kilichowekwa kuniokoa kisije kikaniua. Shida ni kwamba bila taarifa, huku kwetu mambo haya mawili hutiwa katika kapu moja. Kijana akifika gereji injini ikiwa imekufa, fundi hatazami orodha ya kasoro za kiwandani, hulitazama bomba lake la moshi lenye kelele, akacheka, akasema, “Nyinyi vijana wa Subaru hamjui kuendesha.” Nami sikatai, mara nyingi fundi huyo huwa amesema kweli.

Lakini si mara zote. Mwezi wa Novemba 2018 Subaru iliita takriban magari laki nne duniani, yakiwamo magari yake ya kasi ya BRZ na pacha wake Toyota 86 ya miaka ya mwanzo, kwa sababu springi za valvu zingeweza kuvunjika na injini kuzimika gari likiwa njiani. Si marekebisho madogo, kwani ilibidi injini ishushwe. Sasa tufanye hesabu kwa kanuni yetu wenyewe isiyoruhusu gari lililopita miaka 8. Gari la mwaka 2013 liliweza kuingia Kenya hadi mwaka 2020, yaani miaka miwili kamili baada ya mwito kutangazwa. Aliyelinunua bila kurekebishwa, na springi ikamkatikia kwenye mteremko wa Mazeras nyuma yake pana lori la kontena, amelaumiwa kwa uendeshaji ambao huenda haukuwa na kosa lolote.

Kuna kasoro moja inayotuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengine, nayo ni ile ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga mtu gari linapogonga, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata. Kikopo cha chuma kinachoujaza mfuko huo kilitiwa nitrati ya amonia, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, ikawaka kwa nguvu isiyokusudiwa, kikopo kikapasuka na vipande vyake vikamrukia aliyeketi mbele yake. Nchini Marekani pekee viliitwa vikopo vipatavyo milioni 67, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Miongoni mwa magari ya kasi yaliyoitwa yamo Honda S2000, Mazda RX-8, Subaru Impreza na BMW M3. Wamarekani walipopanga nani atangulie kurekebishiwa, waliyatanguliza majimbo yenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Mheshimiwa, aliyewahi kukaa Mombasa wakati wa kaskazi, akaliacha gari juani tangu asubuhi hadi alasiri, hahitaji kuelezwa sisi tungepangwa katika safu ya ngapi.

Naja kwa gari langu, ambalo sitalitaja chapa. Nilipoanza kulichunguza niliingia tovuti ya Marekani ya kukagua miito, ikanidai namba yenye herufi na tarakimu 17. Langu, kama magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani, lina namba fupi kuliko hiyo: herufi tatu, kistari na tarakimu sita. Tovuti ikalikataa. Nikaenda kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji, nikausoma kwa msaada wa simu inayotafsiri, na jibu likaja dakika hiyo hiyo: mfuko wa hewa wa abiria wa mbele uliitwa, na haujabadilishwa.

Baadaye nikajifunza kwamba Japani, magari yaliyorekebishwa katika miito hiyo yalibandikwa kibandiko kidogo chenye namba upande wa dereva, karibu na chuma kile mlango unapojifunga. Nilifungua mlango wangu, nikapiga magoti, nikamulika kwa tochi. Pana rangi mpya iliyopulizwa juu ya ile ya zamani, na chini yake duara hafifu, kama palipokuwa na kitu. Siwezi kujua kilikuwa kibandiko cha mwito huu au wa jambo jingine. Na hata kingekuwapo, kisingetosha, kwa sababu baadhi ya magari yaliyorekebishwa mwanzo yaliwekewa kikopo cha aina ile ile na yakaitwa tena. Yadi iliyoniuzia ilinijibu kwamba gari lilipita ukaguzi. Wakala wa mtengenezaji niliyemwendea alisema, kwa adabu, kwamba yeye hushughulikia magari aliyoyauza mwenyewe.

Kwa hiyo naomba Mamlaka yako izipate orodha za namba za chesisi zilizoitwa, ambazo watengenezaji wanazo na Wizara ya Uchukuzi ya Japani huzitangaza, izilinganishe na daftari lake, kisha imtumie ujumbe wa simu kila mwenye gari linalohusika. Si lazima jina la mtu yeyote litoke mikononi mwenu. Ninyi ndio mtakaotuma, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 itabaki salama. Gari linapohamishwa kutoka mmiliki mmoja kwenda mwingine, taarifa hiyo ionekane kabla ya mnunuzi kuthibitisha, maana Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari kuhusu anachokinunua.

Kuhusu kuyazuia magari barabarani, naomba msikimbilie huko kwanza. Japani iliacha kuyapitisha kwenye ukaguzi magari yenye mifuko hatari zaidi isiyobadilishwa kuanzia Mei 2018, lakini kule mwenye gari alikuwa na mahali pa kulipeleka na kipuri cha kuwekewa. Hapa, mkitangaza katazo kabla vipuri havijafika, mtakuwa mmefungua soko la vibandiko bandia na la kupeana kitu kidogo. Kabla ya katazo, mawakala wa watengenezaji humu nchini watakiwe kwa maandishi kuitikia mwito kwa kila gari lenye chesisi iliyoitwa, bila malipo, bila kuuliza liliingia kwa mlango gani. Kasoro ilitoka kiwandani, haikupatikana baharini.

Ninaambatisha picha ya namba yangu ya chesisi, nakala ya jibu la ukurasa wa Kijapani pamoja na tafsiri yake, na nakala ya logbuku. Mafundi wawili wamejitolea kuung'oa mfuko huo wakazibe pengo kwa kifuniko cha plastiki. Nimewakataa wote wawili, kwani sioni nafuu ya kukosa mfuko kabisa. Mwanangu wa kike, aliyezoea kukaa mbele tunapokwenda Nyali, sasa hukaa nyuma, na kila akiniuliza gari litarudishwa lini kutengenezwa humwambia nimeandika barua.

Wako mwaminifu,

Mwenye gari, Mombasa.