Risala ya Kikundi cha Akinamama Wabanguaji Korosho kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wetu na ndugu waalikwa,

Sisi akinamama 23 tunakukaribisha chini ya mkorosho huu, ambao ndio ofisi yetu mpaka mvua zianze. Tumeambiwa tueleze ubunifu wa mjasiriamali mdogo unachangia nini katika uchumi wa taifa. Mheshimiwa, tutasema kwa korosho, maana ndiyo tunayoijua.

Kila msimu malori yanapita hapo barabarani kwenda bandari ya Mtwara. Sehemu kubwa ya mzigo ni korosho ghafi, zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho iliyobanguliwa. Maana yake tunavusha maganda bahari, na ajira ya kubangua imepanda meli hiyo hiyo. Wazee wanavikumbuka vile viwanda 12 vya serikali, vyenye mitambo ya Italia na Japani. Mavuno ya nchi, yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, mitambo ikakosa cha kula. Baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala.

Sisi tuna mashine ya kukanyaga kwa mguu, tuliyoinunua kwa mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, na marejesho yanakwenda vizuri. Ila mwanzoni ilitutesa. Ilivunja korosho ovyo, na vipande havina bei. Kijana wa mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea, alikaa akaitazama siku nzima, kisha akasema: visu ni vya saizi moja, korosho hazilingani. Akachonga jozi tatu za visu kwa springi chakavu za gari, akatoboa machekeche matatu ya bati ili kwanza tuzichambue kwa ukubwa. Sasa mkanyago mmoja, ganda linafunguka, korosho inatoka nzima. Mikono bado inaungua kwa mafuta ya maganda, tunapaka majivu kama bibi zetu.

Lingine ni mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Miaka yote tuliyaacha yaoze shambani, au yaishie kwenye gongo, jambo ambalo Mheshimiwa unalijua kuliko sisi. Juisi yake ina ukakasi unaokaba koo. Mwenzetu alijaribu kutia uji mwepesi wa muhogo: ukakasi ukagandamana, ukazama, juu ikabaki juisi angavu. Ndiyo iliyo kwenye chupa mbele yako. Hatukutia sukari, onja.

Mheshimiwa, korosho zinauzwa mnadani kwa tani nyingi, sisi tunahitaji magunia 40. Tunayoyabakiza kwenye mashamba yetu hayatoshi. Ikifika Machi mashine imefunikwa turubai na sisi tumerudi kulima vibarua. Tunaomba utusaidie upatikane utaratibu wa kununua magunia hayo mapema, msimu unapoanza.

Ombi la pili ni jokofu. Juisi tunayokamua asubuhi, jioni imeshaanza kuchacha, na ikichacha wateja wake ni wale wale wa lile jambo unalolijua.

Tunaomba kuwasilisha.