Barua kwa mwanangu: vile vibonge vya biskuti vya pati

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeuona asubuhi, nikausoma mara mbili kabla hata sijanawa uso. Kwaiyo Jumamosi mnamuaga mwenzenu, watu kama 20, we umepewa kazi ya kupeleka kitu kitamu na chumba chako hakina oveni, afu ukakumbuka vibonge vya birthday zako. Nimefurahi mama, nimefurahi sana. Ngoja nikuandikie kwa urefu maana kwenye simu ntasahau nusu.

Sijui kama unakumbuka vilianzaje. Ulikuwa unatimiza miaka 6, mama yako yuko zamu ya usiku, keki nimeachiwa mimi, na oveni ikazima keki ikiwa bado iko ndani, juu imeshakauka katikati uji mtupu. Ilikuwa saa nne usiku. Nikampigia shangazi yako karibu nilie, akaniuliza una biskuti za chokoleti, nikasema ninazo, una krimu chizi, ninayo, basi ponda biskuti changanya na chizi viringisha chovya kwenye chokoleti, asubuhi watoto watakula. Nikafanya usiku uleule kwa pupa na karibu nusu viliharibika, vingine vilipasuka, vingine vilivunjikia ndani ya chokoleti. We hukujua, ulikula vile vizima. Lakini yote niliyojifunza baadaye yalitoka kwenye vile vilivyoharibika, na karibu vyote viliharibika kwa sababu moja tu, sikuvipa muda.

Watu wakisikia kitu hakiokwi wanadhani ni cha dakika 10. Hapa kazi ya oveni inafanywa na friji, kwaiyo usianze Jumamosi asubuhi nakuomba. Anza Alhamisi usiku, chovya Ijumaa, Jumamosi unabeba tu.

Vitu vyenyewe ni vitatu. Biskuti za chokoleti zile za kubandikwa mbili zenye krimu nyeupe katikati, kama Oreo, uwe na 36, ni kama gramu 400, lakini pima kwenye mizani ukiweza maana pakiti zinatofautiana sana. Krimu chizi gramu 225. Chokoleti ya kuchovya gramu 450. Hapo unapata vibonge kama 48, kila mtu viwili na kidogo vinabaki. Krimu ya kwenye biskuti usiikwangue, yote inaingia, ndo utamu na ndo inayosaidia kushikanisha.

Chizi nunua ile ya kipande kigumu, sio ile laini ya kwenye kopo ya kupaka mkate, ile ina ulaini mwingi na vibonge vyako vitakaa bapa kama vimekaliwa. Afu itoe kwenye friji mapema ilainike yenyewe. Ukichanganya ikiwa baridi inabaki vipunje vyeupe ambavyo hata usugue vipi haviondoki.

Biskuti zisage kwenye blenda mpaka ziwe kama mchanga laini. Kama huna, tia kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, funga, pitisha chupa juu yake kwa kukandamiza mpaka mkono uchoke, afu geuza mfuko uendelee. Usidharau vile vipande vidogovidogo vinavyobaki maana kipande kikichomoza kwenye kibonge ndo hapohapo chokoleti inapopasuka. Changanya na chizi kwa mkono safi mpaka usione mstari mweupe hata mmoja, iwe nyeusi sare inang'aa kidogo kama udongo wa mfinyanzi uliolowa. Ukiibana kwenye kiganja ikikaa bila kuachia chenga, imekubali.

Funika weka kwenye friji nusu saa. Afu ndo uviringishe, kila kimoja gramu 13 hivi, upana kama sentimita 3 au pungufu kidogo. Vifanye vidogo, kibonge kikubwa mtu anaking'ata mara mbili na chenga zinamwagika kwenye nguo za watu za pati. Mikono ikianza kunata nawa kwa maji baridi uifute ikauke kabisa halafu uendelee. Vipange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, funika vizuri visivute harufu ya vitunguu vya kwenye friji, we lala.

Ijumaa sasa ndo chokoleti, na hapa nisikilize vizuri.

Adui wa chokoleti iliyoyeyuka ni maji. Sio maji mengi, tone moja tu au mvuke. Sukari iliyomo ndani inalivuta lile tone, inalowana na kunata, inakamata unga wa kakao, na bakuli zima linageuka ghafla kuwa tope zito la chengachenga. Usiku ule wa birthday yako nilikorogea kijiko nilichotoka kukisuuza. Nilikiona kimekauka, kumbe kwenye mpini kulikuwa na maji, nikawa natazama tu chokoleti inakunjamana mbele ya macho yangu. Ikifika hapo huwezi kuirudisha iwe ya kuchovya. Usiitupe lakini, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga mpaka iwe sosi, uimwagie aiskrimu, ila kwa vibonge uanze na nyingine. Kwaiyo bakuli, kijiko, uma, mikono, vyote vikavu, kauka kauka.

Iyeyushe hivi: sufuria yenye maji kidogo yanayochemka polepole, bakuli juu yake lisiguse maji. Ikibaki kama robo haijayeyuka, zima moto uendelee kukoroga, joto lililobaki linamalizia. Kama hapo mnapokaa kuna maikrowevu tumia nguvu nusu, sekunde 30 toa koroga rudisha, hata kama inaonekana haijayeyuka we koroga, maana chokoleti inaweza kushika umbo lake kumbe ndani imeshalainika. Nyeupe ndo inaungua haraka zaidi, usiiache hata kidogo.

Ikiwa nzito usiongeze maziwa, na usiongeze siagi, siagi nayo ina maji ndani yake. Ongeza mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, au ya nazi, kijiko kimoja cha chai kwanza. Na nunua ya kipande sio zile punje ndogo za kuweka kwenye biskuti, zile zimetengenezwa zisitiririke ndo maana zinakuwa nzito.

Kuna jambo lingine wengi hawaambiwi. Chokoleti yenye mafuta halisi ya kakao ukiiyeyusha tu na kuiacha igande yenyewe inaweza kutoka imefifia, ina michirizi myeupe, na inayeyukia vidoleni. Haijaharibika, ni mafuta yake yamejipanga vibaya yalipoganda. Kuikwepa, yeyusha theluthi mbili, toa kwenye moto, tia ile theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, koroga polepole mpaka yote iyeyuke na joto lishuke, kwa chokoleti nyeusi unatafuta nyuzi 31 au 32. Kama huna kipimajoto weka tone chini ya mdomo wako, ukisikia ubaridi kidogo uko karibu. Lakini we kwa mara ya kwanza mimi ningechukua ile chokoleti ya kupakia keki iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, haihitaji hayo yote, inayeyuka inaganda inang'aa. Ladha yake iko chini kidogo, sikufichi, ila kwa pati ya watu 20 na wewe uko peke yako nachagua usalama.

Kuchovya: toa vibonge 6 tu, vingine vibaki kwenye friji. Vikiwa na joto vinavunjika humo ndani na kuchafua chokoleti yote. Na usivigandishe kama jiwe ukadhani ndo bora, nilifanya hivyo pia, vilipopata joto ndani vikatanuka na ganda la nje likachanika, asubuhi kila kimoja kina ufa. Ubaridi wa friji unatosha. Kibonge kiweke juu ya uma, kizamishe, kinyanyue, gonga gonga uma kwenye ukingo wa bakuli mpaka chokoleti ya ziada ishuke, futa chini ya uma, ukiteleze kwenye karatasi kwa kijiti cha meno. Usipogonga kinakaa na kiatu cha chokoleti chini. Pambo lolote, punje za rangi au unga wa biskuti uliobakiza, nyunyiza hapohapo kimoja kimoja, kwa sababu kibonge ni baridi na chokoleti inaganda upesi, ukisema umalize sita kwanza pambo litadunda na kuanguka mezani.

Wenyewe kwa jina la kizungu wanaviita trafeli, jina la uyoga unaochimbwa ardhini, maana vile vya asili vya krimu na chokoleti vilivyoviringishwa kwenye unga wa kakao vinafanana nao. Hivi vyetu vimeazima jina tu.

Kabla ya yote uliza kwenye kundi lenu nani hali nini. Humu kuna ngano, maziwa na mara nyingi soya, na karanga soma kwenye pakiti hata kama hukuziweka. Mbele ya sahani weka kikaratasi kinachosema kuna nini ndani. Hili usilifanyie uvivu mama, mtu anaweza kuumia vibaya kwa kitu ulichompa kwa upendo.

Kwa kuwa kuna chizi, visikae mezani zaidi ya saa 2, na kama joto limepita nyuzi 32 ni saa 1. Peleka kwenye boksi lenye mfuniko, karatasi kati ya safu na safu, toa sahani ya kwanza na nyingine iache kwenye friji ya mwenyeji. Vikibaki vinakaa friji wiki moja, kwenye friza hata miezi 2, ila kuviyeyusha virudishe kwenye friji kwanza boksi likiwa limefungwa ili umande ukae nje ya boksi, sio juu ya chokoleti.

Mama yako anakusalimia, anasema umbakizie kimoja japo uko mbali.

Ijumaa ukimaliza kuchovya, cha kwanza kabisa kikate katikati kwa kisu kikavu unitumie picha ya ndani. Nataka kuona kama kuna weupe wa chizi umebaki.

Baba yako